Siku ya Tatu Mpe Jembe

Jumamosi ya tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine vya jijini waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Mabango waliyobeba yalikuwa makali, na mojawapo lilithubutu kusema kwamba ukoloni ulikuwa na nafuu. Walichokuwa wanapinga ni mpango mpya wa kuwataka wahitimu wote waingie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa miaka miwili: miezi michache kambini, kwenye jembe na mchakamchaka, kisha miezi 18 kwenye kazi walizosomea, wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara.

Rais Nyerere, aliyeitwa Mwalimu, aliwapokea akiwa na mawaziri wake, akawaacha wasome waraka wao mpaka mwisho. Humo walisema kwamba wakilazimishwa, miili yao itakwenda lakini roho zitabaki nje ya mpango huo. Mwalimu akawaka. Akawaambia sharti lao amelikubali, hakuna atakayelazimishwa, basi warudi makwao. Karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa chuo, wakaenda kufungasha virago huku polisi wakiwasimamia. Wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya wasomi wakaidi waliotiwa adabu, na sehemu moja yake huwa inarukwa. Wanafunzi wale walikuwa wamewasema wakubwa pia: kama ni kujinyima, mbona mishahara ya walio juu haiguswi? Hapo Mwalimu hakubisha. Alikiri kwamba mishahara ya viongozi ni mikubwa mno, na hapohapo akaukata wa kwake kwa asilimia 20, kutoka shilingi 5,000 kwa mwezi hadi 4,000. Ya vigogo wengine serikalini nayo ikafuata kupunguzwa. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha, la Ujamaa na Kujitegemea.

Mimi naona pale Ikulu pande zote mbili zilikuwa zinajua jambo lilelile, ila kila upande ulilishika kwa ncha yake. Vijana walijua kwamba mtu hupimwa kwa anacholipwa na kwa namna anavyotendewa, si kwa sifa anazomwagiwa jukwaani. Mwalimu naye alijua kwamba huwezi kumhubiria kijana wa miaka 22 heshima ya jembe wakati wewe mwenyewe umeketi mbali nalo. Kwa hiyo alifukuza na kujikata mshahara katika hotuba moja. Watawala waliomfuata, na si wa Tanzania peke yake, wameliiga lile la kwanza kwa urahisi zaidi kuliko la pili.

Sura hii inahusu swali lililobaki pale uwanjani baada ya majoho kuondoka: mwanafunzi anapopelekwa kufanya kazi, hujifunza nini hasa?

Swali lenyewe halikuanza na JKT. Mwaka 1924 ilipita Afrika Mashariki tume iliyogharimiwa na mfuko wa Kimarekani wa Phelps-Stokes, chini ya Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwamo msomi maarufu kutoka Gold Coast (Ghana ya leo), James Aggrey. Tume ilikuja na jibu lililokwisha kupikwa kwao. Huko kusini mwa Marekani kulikuwa na vyuo viwili vya watu weusi, Hampton kule Virginia na Tuskegee kule Alabama, vilivyosifika kwa kumfundisha mwanafunzi kazi za mikono pamoja na vitabu. Tuskegee, chini ya Booker T. Washington, wanafunzi walifyatua matofali wenyewe na kujenga nayo majengo ya chuo. Tume ikashauri Mwafrika naye apewe elimu ya namna hiyo: kilimo, ufundi, afya ya kijijini. Mwaka 1925 ikafunguliwa shule ya Jeanes pale Kabete, karibu na Nairobi, ili kuwaandaa walimu watakaoisambaza.

Kwenye karatasi mpango ulipendeza. Wazazi walioambiwa kwamba mtoto wao atafundishwa kulima walijiuliza swali jepesi tu: kwani sisi hatujui kulima? Waliwatazama waliokuwa wakiwaletea shauri hilo, wakaona hakuna hata mmoja anayempeleka mwanawe kusomea jembe. Karani aliyejua Kiingereza alikaa kivulini, alilipwa kila mwezi, na askari walimwita bwana. Aliyetoka shule ya ufundi na randa begani alirudi kwenye foleni ya kodi ya kichwa na wenzake wote. Kwa hiyo wazazi walikuwa wanausoma uchumi wa koloni vizuri kabisa, pengine kuliko tume yenyewe.

Tena wasidhaniwe kwamba waliona haya ya kazi. Tazama yaliyotokea Githunguri, Kiambu. Mwaka 1939 kilifunguliwa pale chuo cha ualimu cha shule za kujitegemea za Wakikuyu, kikiongozwa na Mbiyu Koinange. Kijana huyu alikuwa amekwenda Marekani na kusoma, miongoni mwa vyuo vingine, palepale Hampton. Wananchi walichanga fedha kwa marika yao, wakajitolea na nguvu zao, ili kijengwe chuo cha vitabu. Mikono ileile iliyoambiwa ijifunze kufanya kazi ndiyo iliyokisimamisha chuo, bila kusubiri tume. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, ilipotangaza hali ya hatari.

Mwaka mmoja kabla ya maandamano ya Dar es Salaam, yaani 1965, msomi mmoja aitwaye Philip Foster aliyeichunguza Ghana aliandika jambo ambalo wazazi wa Kiambu wangemwambia bure: vijana hawakimbii ufundi kwa sababu mtaala umewapotosha, wanaukimbia kwa sababu wanaona nani analipwa nini. Badilisha mtaala utakavyo. Kama mshahara na heshima vimebaki ofisini, watoto watazitazama ofisi tu.

Machi 1967 Mwalimu alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Nimeusoma mara nyingi na bado naona ni moja ya maandishi yenye akili zaidi kuhusu shule yaliyowahi kuandikwa na mtu aliye madarakani. Alisema kila shule iwe na shamba au karakana, na kwamba shamba hilo liwe sehemu ya masomo yenyewe: wanafunzi wapange kitu cha kulima, wahesabu mapato, waone faida na hasara, waamue fedha zitumike wapi. Aliuliza kwa nini shule iajiri watu wa kufagia na kutunza bustani wakati ina mamia ya vijana wenye afya. Na alitahadharisha kwamba kubandika shamba kwenye shule ya zamani hakutoshi.

Kilichofanyika sehemu nyingi ni kulekule kubandika. Shamba lilipatikana, maana ardhi ilikuwapo. Mapato yalijulikana kwa mwalimu mkuu na kamati yake. Mtoto alipanda mahindi asiyoyala, akavuna pamba asiyojua imeuzwa kwa bei gani. Wazazi wakaanza kunong'ona kwamba mtoto ametumwa kusoma, amegeuzwa kibarua.

Ila lililoharibu kabisa lilikuwa dogo, nalo lipo hadi leo. Aliyesoma shule ya serikali atakumbuka asubuhi ya waliochelewa. Kengele imelia, mstarini wameshaimba, na nje ya uzio wamesimama kumi au kumi na watano, sweta zimeloa umande. Mwalimu wa zamu anatoka. Anayehitaji kupigwa anapigwa. Waliobaki wanaelekezwa stoo: chukueni majembe. Huyu atapalilia mipapai, yule atang'oa kisiki nyuma ya vyoo, na yule mkorofi atachimba shimo la takataka, lifike kifuani. Wenzao wanapita kwenda darasani wakiwacheka. Huko darasani kipindi cha kwanza ni Uraia, na mada ya siku ni nembo ya Taifa. Mwalimu anachora ngao ubaoni, anachora mwenge na mkuki, anachora jembe na shoka vilivyopishana. Anauliza: jembe linawakilisha nini? Mikono inapanda. Linawakilisha kazi, mwalimu, linawakilisha wakulima wetu.

Hao wote wako sahihi na watapata vema. Dirishani wanamwona mwenzao aliye kwenye kisiki, na hilo nalo limeingia kichwani. Mtoto wa darasa la nne hahitaji mtu wa kumfafanulia. Ameshaelewa kwamba darasa ni la mwema na jembe ni la mkosaji, na kwamba dawa ya kuliepuka jembe maishani ni kuwahi namba. Kiongozi akija mahafali kuwaambia wahitimu wasichague kazi, anashindana na miaka saba ya ushahidi wa macho.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 25, inasema kazi ni kipimo cha utu. Sijui ibara nyingine iliyo nzuri kama hiyo. Ningependa ibandikwe kwenye mlango wa stoo ya majembe.

Yaliyofuata baada ya 1967 nayapitia haraka. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikaa Musoma ikaamua kwamba mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha sita: atumikie JKT, afanye kazi, kisha alete barua ya mwajiri na ya tawi la chama. Wazo la kumfanya msomi aonje kazi kabla ya shahada lilikuwa zuri, lakini barua ya tawi ilikuwa mlango wa fitina, na wasichana walioingia vyuoni wakapungua mno hata ikabidi wao walegezewe sharti kwanza. Mafunzo ya JKT kwa wahitimu yakasimama mwaka 1994 kwa ukosefu wa fedha, yakarejea 2013. Vijana wanaotoka huko wanajua kuamka alfajiri na kukaa na watu wa makabila yote, na hilo si haba. Kazi wanayosomea, hata hivyo, hawaikuti kambini. Wanaikuta, ikiwa watabahatika, kwenye fildi.

Fildi ndiyo jina lake mtaani. Chuo huandika mafunzo kwa vitendo, na kule Kenya wanafunzi huiita atachimenti. Likizo ndefu inapokaribia, chuo kinatoa barua ya utambulisho, na mwanafunzi anaanza kuzungusha nakala zake ofisi kwa ofisi. Hapa wameshajaza, pale bosi yuko safarini, kwingine acha namba tutakupigia. Mwenye mjomba ndani anaingia wiki ya kwanza. Asiye na mjomba anaweza kuikosa nafasi hadi wiki ya tatu, kisha akapokelewa na ofisi isiyohusiana hata kidogo na anachosomea.

Akishapokelewa anaonyeshwa kiti. Kompyuta haipo, au ipo na ina nenosiri la mtu aliye likizo. Siku ya kwanza anatambulishwa meza kwa meza. Siku ya pili anatumwa kutoa fotokopi. Wiki ya pili ndiye anayejua kila mtu anakunywa chai ya aina gani. Kile kitabu cha kumbukumbu za kila siku, ambacho chuo kinataka kijazwe jioni kabla ya kuondoka, anakijaza chote usiku mmoja kabla msimamizi hajaja, na kwa sababu hakufanya kitu anaandika mambo mazito: kushiriki katika uchambuzi, kusaidia uandaaji. Msimamizi wa chuo anakuja siku moja, anapewa soda, anasaini. Nimewahi kuvisoma vitabu hivyo kwa rundo. Vinafanana hata kwenye makosa ya tahajia, maana vinanakiliwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu hulitumia neno hili kumsuta mgeni asiyeondoka, kana kwamba jembe ni njia ya kumfukuza. Nadhani lina sura nyingine. Mgeni huandaliwa kiti na kukatazwa kugusa chochote, kwa sababu nyumba si yake. Anayepewa jembe ni mtu wa nyumbani: ana shamba la kwenda, ana chungu cha kula jioni, na akilima ovyo atasemwa kama wengine wanavyosemwa. Kijana wa fildi anakaa ofisini wiki nane na siku ya tatu haifiki. Hata kukosea hapewi nafasi, kwa kuwa hajakabidhiwa kitu cha kuharibu.

Nitaeleza sasa mahali nilipoona siku hiyo ya tatu imefika. Ilikuwa saiti ya ghorofa moja huko Goba, Dar es Salaam, siku ya kumwaga zege la slabu. Kijana wa mwaka wa tatu, uhandisi ujenzi, alikuwa amepangiwa pale na kampuni ya mshauri. Alikuja na kofia mpya na daftari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, injinia. Hilo daftari mpe mama pale kwenye maandazi, lisije likaloa. Wewe ingia kwenye mstari."

Mstari ulikuwa wa vibarua waliojipanga kuanzia kwenye mixa, wakapanda ngazi ya mirunda hadi juu, wakipokezana ndoo. Slabu ikishaanza kumwagwa haiachwi katikati, maana zege la leo likilala na la kesho likaja kuunganishwa nalo, pale kwenye kiungo ndipo patakapopasuka. Kwa hiyo hakuna aliyekaa. Kijana akavua saa, akaingia kati ya wanaume wawili ambao hawakuuliza jina lake.

Darasani alikuwa amefundishwa kwamba nguvu ya zege iko kwenye maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka takribani lita 25, ukizidisha unalidhoofisha zege hata kama mchanga na kokoto umepima sawasawa. Alikuwa amefundishwa pia kwamba vibarua huzidisha maji, na kwamba kazi ya mhandisi ni kuwakataza. Kwenye mtihani angeandika hivyo na kupata alama zote.

Saa mbili kwenye mstari zilimwongezea sentensi ambazo kitabu hakina. Zege lenye kipimo sahihi ni zito kulisambaza. Halitiririki, ni mpaka ulisukume kwa koleo kila pembe, ulipenyeze chini ya nondo, na wa kulisukuma walikuwa wawili tu. Vibreta, ile mashine ya kulitikisa lishike vizuri, ilikuwa inazimika kila baada ya dakika chache. Malipo yalikuwa ya kazi nzima, kwa hiyo kila ndoo iliyokwama juu ilikuwa inakula jioni ya watu thelathini. Na aliyekuwa anamimina maji kwenye mixa alikuwa anapigiwa kelele kutoka juu: lainisha, lainisha! Akawa analainisha. Angekuwa mtu gani asiyelainisha?

Fundi mkuu hakumfokea mtu wa maji. Alishuka, akachukua ndoo yake, akaichora mstari kwa msumari: maji mwisho hapa. Akachota mchanga kwenye lundo, akaukamua kiganjani, akaufungua. Usiku mvua ilikuwa imenyesha.

"Mchanga umelala na maji. Leo hapa tunapunguza." Akamgeukia kijana. "Chuoni mnaiitaje hii?"

Kijana akamwambia jina lake na kanuni yake, na jinsi unavyoupima unyevu kwa kuukausha mchanga kwenye oveni na kuupima uzito kabla na baada.

"Sawa. Na hapa oveni iko wapi?"

Wakacheka wote, kijana akiwamo. Kisha fundi akafanya mambo mawili yaliyomaliza ugomvi wa maji: akaongeza watu wawili kwenye makoleo ya juu, na akamtuma mtu na bodaboda kwenda kuleta plagi ya vibreta. Kelele za lainisha zikakoma zenyewe. Jioni kijana alijaza zege kwenye viboksi vya chuma vya sentimita 15 kila upande, kwa ajili ya kuvunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28, na safari hii alijua zile namba zitakazorudi zinazungumzia nini. Kama namba ingekuwa ndogo, angekwenda kwanza kuuliza juu walikuwa watu wangapi.

Kwa sababu hiyo huwa sipendi maneno ya kumshusha mwanafunzi kwenye kazi ya mikono ili eti ajifunze unyenyekevu. Maneno hayo yanachukulia kwamba kule chini hakuna maarifa, pana jasho tu, na kwamba jasho ni dawa ya kiburi. Yule kijana hakushushwa. Alipata taarifa za kihandisi ambazo hazipatikani kwa njia nyingine yoyote, na aliyempa ni mtu aliyeishia darasa la saba. Mhandisi asiyewahi kuwa kwenye mstari atachora nondo zilizobanana kiasi kwamba koleo haliingii, kisha atawalaumu vibarua kwa mashimo. Daktari asiyewahi kumgeuza mgonjwa kitandani ataandika agizo ambalo muuguzi mmoja wa zamu ya usiku hawezi kulitimiza. Hata mwalimu wa fildi, yaani mwanafunzi wa ualimu aliyepelekwa kufundisha, hujua ndani ya wiki moja kwamba andalio zuri la somo halisimami mbele ya watoto 90 na vitabu 11.

Kuna suala la fedha, na halipaswi kufunikwa kwa maneno matamu ya uzoefu. Fildi nyingi hazilipi. Bodi ya Mikopo huwapa baadhi ya wanafunzi fedha za mafunzo hayo, wengine hujitegemea. Mtoto wa mkulima wa Sumbawanga aliyepata nafasi Dar es Salaam anahitaji chumba, nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na sahani ya wali kwa mama ntilie, ili akatoe fotokopi bure. Ndiyo maana wapo wanaoiacha fildi nzuri waliyopata mjini wakaifanyia ofisi ya kata kijijini kwao, na wapo wanaosaini asubuhi wakaondoka kwenda kutafuta hela.

Hela yenyewe wanaipata wapi? Kwenye zege. Kila mwanafunzi anamjua mwenzake aliyebeba zege likizo, na husimuliwa kwa kicheko chenye huruma, msomi mzima kabeba zege. Ila yule aliyebeba zege jioni aliondoka na chake mfukoni. Aliyevaa tai aliondoka na barua ya shukrani. Kibarua, ambaye jamii inamwona wa chini kabisa, haki yake ya kulipwa kwa siku aliyofanya kazi hakuna anayeibishia. Bosi akimdhulumu, saiti nzima inasimama. Msomi amekubali kufanya kazi bila malipo na anaona ni kawaida. Nikiulizwa ni nani kati ya hao wawili amejifunza heshima ya kazi, nitasita kidogo, lakini si sana.

Waajiri wana utetezi wao, na una ukweli. Mwanafunzi wa wiki nane anakula muda wa watu: umfundishe, umkague, urekebishe alichoharibu, na akianza kufaa anaondoka. Utetezi huo unafaa kwa anayefundisha kweli. Kwa ofisi inayowaita kumi kila mwaka ili wapange majalada yaliyolala tangu mwaka juzi, hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Tanzania ina miongozo ya uanagenzi na ya mafunzo kazini tangu 2017, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina mafunzo ambayo kijana hukaa kipindi chuoni na kipindi kwa mwajiri, akirudi na maswali kila upande. Ni njia inayofaa kuliko wiki nane za kubahatisha, ila mpaka sasa tunaiona ni ya fundi. Chuo kikuu kinaitazama kwa mbali.

VETA hiyohiyo ina mpango mwingine, wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani, kwa kumfuata fundi mwingine tangu ujana, hupimwa kwa kazi aijuayo, hupewa mafunzo mafupi ya kuziba mapengo, kisha hupewa cheti. Mwashi wa miaka 45 anasimama mstari mmoja na vijana akipokea karatasi inayosema anachokijua kinajulikana. Naupenda mpango huu kuliko hotuba zote za Mei Mosi, kwa kuwa unampa mtu kitu anachoweza kukipeleka kwenye zabuni.

Turudi basi kwenye fildi na wazo hilo. Fomu ya tathmini ya mwanafunzi ina nafasi mbili za saini: msimamizi wa chuo, aliyekuja siku moja, na msimamizi wa kampuni, ambaye mara nyingi ni mhandisi anayefika saiti Ijumaa. Wote wawili wanatakiwa kugonga muhuri. Yule aliyeichora ndoo kwa msumari hana mahali pa kuandika jina. Yeye ndiye aliyemwona kijana akichoka na kuendelea, akiuliza na kukosea, na ndiye pekee anayejua kama kijana huyo anaweza kuachiwa slabu. Chuo kinachotaka kuonyesha kwamba maneno ya Ibara ya 25 si mapambo kina la kufanya muhula ujao, bila kusubiri bajeti ya wizara: kiongeze nafasi ya tatu kwenye fomu, kwa ajili ya fundi, iwe na alama zinazohesabiwa kama za wale wengine, na kiweke posho ndogo kwa saa alizofundisha. Wakuu wa idara watauliza fundi asiye na shahada anawezaje kumpa alama mwanafunzi wa shahada. Waalikwe saiti siku ya zege, wamwulize yeye.